Karatasi Yenye Meno

Kwenye msiba wa Madam Aikande, kule kwao Machame, walinipa kipaza sauti niseme machache kwa niaba ya tuliofanya naye kazi. Nikasema alikuwa mtu wa kazi, nikasema Mungu amlaze mahali pema, nikarudisha kipaza sauti. Mimi si msemaji. Baadaye tukiwa tunakula machalari, zile ndizi za nyama, kijana mmoja aliyevaa suti, aliyekaa nami benchi moja, akaniuliza, "Mama, marehemu hasa alikuwa anafanya nini huko maabara?" Nikamjibu, "Alikuwa anatenganisha sukari." Akatabasamu kwa adabu. "Kutoka kwenye nini?" Nikasema, "Kutoka kwenye sukari nyingine." Akaona mama wa watu amechoka na safari, akanichotea kipande cha nyama kutoka sahani yake. Sikumlaumu. Jibu langu lilikuwa sahihi, ila lilikuwa kama mlango bila nyumba. Nimerudi Moshi nikakaa siku kadhaa nikijaribu kuijenga hiyo nyumba kwa maandishi, mimi niliyeishia darasa la saba. Nimekuwa nikiandika vijidaftari tangu usichana, lakini vya mwaka wa kisa hiki vimejaa habari za mvua na nilichokula mchana. Kwa hiyo mengi hapa yanatoka kichwani, na kichwa changu sikiamini sana. Pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Ulikuwa mwaka ambao sukari ya nje ilianza kujaa madukani mjini, sisi tuliozoea kupanga foleni tukabaki tunaitazama tu, kama mgeni aliyekuja bila kualikwa. Nilikuwa naosha vyombo katika maabara ya kiwanda kidogo cha kusindika matunda, mali ya serikali, ambacho kilikuwa kinangoja mnunuzi. Mashine zilikuwa zimefunikwa maturubai. Maabara ilikuwa chumba cha mwisho kabisa, chenye dirisha moja lililotazama mlima na jingine lililotazama choo cha wanaume, na Madam Aikande alikuwa ameweka meza yake kwenye hilo la choo kwa sababu, alisema, mlima unapoteza muda wa watu. Chumba kilinuka siki na ngozi iliyolowa. Ile siki ilinifuata mpaka nyumbani, ikaingia kwenye kanga, na Mama Mkubwa Anasia, ambaye nilikuwa nakaa kwake Kibosho, alikuwa akinipokea jioni kwa maneno yale yale: "Kachumbari imerudi." Madam alikuwa mwanamke mrefu, Mlutheri wa kushika saa, asiyependa kuitwa "mama" kazini. Hakuwa mpole. Watu waliosema msibani kuwa alikuwa mpole nadhani walimkuta mzee.

Mama Mkubwa ndiye aliyeanzisha kikundi cha wafuga nyuki pale kwetu, na ni haki niseme hivyo kabla sijasema mengine. Kahawa ilikuwa haina maana tena, watu walikuwa wanaing'oa kimyakimya na kupanda nyanya, na yeye akasema tutauza asali. Akazunguka ofisi mpaka Bomang'ombe, akafuatilia kibali cha kutundika mizinga pembezoni mwa msitu, kibali kikatoka kwa jina la kikundi. Asali ya wanachama wote ilikamuliwa na kuchujwa uani kwake, ikakusanywa katika pipa moja la mbao, ikachukuliwa na mnunuzi kutoka Kenya. Ikarudishwa kutoka mpakani Holili juu ya lori lile lile. Mnunuzi alituma ujumbe kwamba wameipima, ina sukari ambazo hazikutengenezwa na nyuki. Kuna mtu ametia kitu. Siku ile lori liliposhusha pipa, wanachama walisimama kulizunguka kama watu wanaotazama maiti wasiyemjua, na kabla jua halijafika utosini jina lilikuwa limeshapatikana. Lilikuwa la Meku Aloyce.

Meku ndivyo tunavyomwita mzee kwetu. Aloyce alikuwa mgane, mtu wa maneno machache, na mizinga yake ndiyo iliyokuwa juu kuliko yote, kule msitu unapoanza. Asali yake ilikuwa nyeusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, wakati ya wengine wote ilikuwa ya njano. Tena alikuwa ameonekana akishuka kwenye gari na mfuko wa sukari begani. Alisema ni wa komunio ya binti yake, na komunio kweli ilikuwepo, tulikula huko. "Tulikula wali," alisema Mama Mkubwa. "Chai tulikunywa kikombe kimoja kimoja. Mfuko mzima uliishia wapi?" Mwanamke mmoja akadakia, "Labda nyuki wake nao walipata komunio." Watu wakacheka, na Meku Aloyce alikuwa amesimama pale pale. Ikakubaliwa kwamba baada ya sikukuu ya mavuno parokiani kikao kitakaa kumtoa, na maana ya kumtoa kila mtu aliijua: kibali ni cha kikundi, kwa hiyo mizinga yake yote ingeshushwa msituni. Mtu wa umri ule angeanzia wapi tena? Sijui nilipata wapi ujasiri wa kusema, "Mama Mkubwa, kazini kwetu tuna mtu anayepima sukari." Akanitazama. "Basi mpelekee," akasema. "Apime. Mimi siogopi kupimwa."

Nilipeleka chupa tatu: asali ya Meku aliyoikamua mwenyewe nyumbani kwake, asali ya Mama Mkubwa kutoka masega aliyokuwa ameyaweka ndani bila kuyachuja, na asali ya kwenye pipa. Namna ya kupima nitaieleza jinsi nilivyoiona. Unazimua asali kwa maji, unadondosha tone dogo kwenye mstari chini ya karatasi nene ya kuchujia, unaisimamisha karatasi ndani ya tangi la kioo lenye dawa kidogo, ile iliyokuwa inanuka siki. Dawa inapanda kwenye karatasi kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, na inapopanda inazibeba sukari. Nyepesi zinakimbia, nzito zinajivuta. Ukishaikausha karatasi, ukaipulizia dawa nyingine na kuipasha joto, kila sukari inajitokeza kama doa la kahawia mahali ilipofika. Madam alinifundisha kwa shanga za rozari yangu, jambo lililonishangaza kwa Mlutheri. Sukari nyingine ni shanga moja, akasema, nyingine mbili zimeshikana, na nyingine ni tatu, nne, mpaka uzi mrefu. Asali karibu yote ni ya shanga mojamoja. Wanga ukivunjwavunjwa kiwandani ukawa shira, unaacha vipande vya nyuzi. Mtu akichanganya shira hiyo kwenye asali, vile vipande vinamsaliti.

Karatasi ya kwanza ilitoka na madoa makubwa mawili juu kwa asali zote tatu, na hayo ndiyo ya kawaida. Lakini chini, karibu na mstari, asali ya pipa ilikuwa na uchafu wa kahawia kama kivuli cha ukucha. Ya Meku Aloyce ilikuwa nao vile vile, tena mzito zaidi. Ya Mama Mkubwa ilikuwa safi. Madam aliishika ile karatasi mbele ya dirisha la choo muda mrefu. "Kwa karatasi hii, Yusta," akasema, "mzee wako ana kesi." Jioni ile sikutaka kufika nyumbani. Nilipofika, Mama Mkubwa alikuwa anamenya ndizi za mtori, hakuinua macho. "Enhe, kachumbari, wamesemaje?" Nikamwambia kuna doa. "Si nilisema?" "Madam hajasema Meku Aloyce amekosa. Amesema kuna doa." "Doa ni doa." "Hata asali ya pipa inalo, Mama Mkubwa." "Kwa sababu ya Aloyce imo ndani ya pipa! Wewe hiyo shule ulisoma ukiwa umelala?" Alichosema kilikuwa na mantiki. Mpaka leo nikikumbuka naona ningekuwa yeye ningesema vile vile.

Meku Aloyce alishuka mwenyewe maabara. Mlinzi alimleta mpaka mlangoni, akasimama na kofia mkononi. Madam akasema, "Shikamoo mzee." "Marahaba. Nimekuja kuona asali yangu inavyonisema." Madam akamwonyesha bila kupamba, doa hili ni lako, na kwa doa hili watakutoa. Mzee akainama akalitazama kama mtu anayetazama kidonda cha mwenzake. Akauliza kama doa hilo lina jina. Madam akasema, "Hapo ndipo ninaposhindwa, kwa sababu hapa chini zimerundikana. Inaweza kuwa sukari moja, zinaweza kuwa kumi. Niambie nyuki wako wanakula wapi." Mzee akaeleza kwamba kule juu, wakati wa kiangazi, kuna miti ambayo majani yake yananata, vidudu vidogo vinayanyonya na kuacha utomvu mtamu, nyuki wanakuja kuulamba. Ndiyo maana ni nyeusi. Madam akageuka kuniangalia mimi, sijui kwa nini mimi. Alikuwa amewahi kusoma habari hizo chuoni: asali ya utomvu ina sukari ya shanga tatu iliyofungwa namna yake, ambayo nyuki na wadudu ndio wanaoijua. Shira ya wanga nayo ina shanga tatu. "Zote zinajivuta," akasema. "Karatasi yangu inawafunga mwizi na mwenye haki pingu moja." Kisha akamwambia mzee arudi nyumbani asibishane na mtu. Baada ya hapo akawa kama mtu aliyetukanwa. Nisimpambe, sidhani alikuwa anamwonea huruma sana Meku Aloyce. Lile doa lilimuudhi.

Shida, alivyonieleza, ilikuwa kwamba karatasi ilikuwa fupi mno kwa mbio za wazee, yaani zile sukari nzito. Vijana walishafika mwisho, wazee hawajaachana hata hatua. Ukiongeza muda, dawa inafika juu ya karatasi inasimama, na kila kitu kinasimama. Basi tukaigeuza. Badala ya dawa kupanda, tukaweka kidau cha kioo juu ndani ya tangi, karatasi ikaning'inia kutoka humo, dawa ikawa inashuka. Na ili isisimame ikifika chini, ikatakiwa idondoke, idondoke sawasawa upande wote, jambo ambalo ukingo ulionyooka haukubali. Matone yanakusanyika pembeni na kuvuta kila kitu mshazari. Tulipoteza karatasi kadhaa kwa hilo. Madam ndiye aliyekumbuka mkasi wa meno, ule mafundi cherehani wanaokatia kitambaa kisitoe nyuzi. Alinituma sokoni kwa fundi mmoja, ambaye aligoma. "Mkasi huu ukikata karatasi umekufa," akasema. "Kanunueni wa kwenu." Nikarudi, nikatumwa tena, nikarudi, mara ya tatu Madam akaenda mwenyewe na kukaa kwenye kiti cha wateja mpaka fundi akachoka kumwona. Ukingo wa chini ukawa na meno, na kila jino likawa linadondosha tone lake. Sukari nyepesi zikateremka zikatoka kabisa, zikadondoka chini ya tangi zikapotea. Nilisikitika nilipoona hivyo, nikasema, "Madam, tunaimwaga asali yenyewe!" Akasema, "Hizo tunazijua. Waache waende. Tunabaki na hawa."

Lakini hatukubaki nao mara moja. Ilikuwa Julai, baridi ya mlima inashuka asubuhi mpaka pua inauma, mchana jua linapiga kioo, na dawa ikipata baridi inakuwa na ukungu, maji yanajitenga. Madoa yakatoka yamepinda kama migomba baada ya upepo. Nikaleta blanketi langu kutoka nyumbani tukalivika tangi, na Mama Mkubwa aliponiuliza liko wapi nikasema kazini kuna mgonjwa, akanitazama juu mpaka chini. Tukapunguza tone, maana tone kubwa linaacha mkia. Tukadondosha dogo, likauke, juu yake dogo jingine. Dawa ikawa inachanganywa upya kila mara kwa sababu ikikaa inabadilika, na ilikuwa inakaribia kwisha. Chakula chetu cha mchana, ng'ande, tulikuwa tunakula barazani, mikono inaoshwa kabla na baada, kwani kidole kilichoshika ndizi mbivu nacho kinaandika kwenye karatasi. Siku moja mhasibu wa kiwanda alipita akasema, "Madam, kiwanda kinauzwa, wewe unapika nini humo?" Akamjibu, "Napika haki, njoo uoshe vyombo." Nilipokata tamaa, na nilikata mara nyingi, nilikuwa naliangalia lile tangi lililovaa blanketi langu, nasikia tone likianguka, na kusubiri, kisha jingine. Ilikuwa inaenda. Taratibu kuliko chochote nilichowahi kukitazama, lakini ilikuwa inaenda.

Karatasi iliyotupa jibu ilitoka asubuhi moja karibu na sikukuu ya mavuno. Madam alipoitoa kwenye oveni aliitandaza mezani, akaivuta meza mpaka dirisha la mlima, mara ya kwanza na ya mwisho nilipomwona akilitumia. Asali ya Meku Aloyce: ule uchafu ulikuwa umekusanyika ukawa doa moja, duara, peke yake, kama kifungo. Juu yake hakuna kitu, chini yake hakuna kitu. Ya Mama Mkubwa: peupe. Ya pipa: kifungo kile kile, kidogo na hafifu, na pamoja nacho, kutoka juu mpaka chini, vidoa vilivyopangana, kila kimoja chini ya mwenzake, kama ngazi ya kupandia mzinga. "Shanga mbili, tatu, nne, tano," Madam akasema akipanda kwa ncha ya penseli. "Huu ni wanga uliovunjwa. Kwa mzee haupo. Kwa mama yako mkubwa haupo. Umo kwenye pipa tu." Tukakaa. Halafu mmoja wetu akasema neno "mbege". Kwenye kijidaftari changu nimeandika "tukasema mbege," na nimejaribu sana kukumbuka ni mdomo wa nani, sikumbuki. Yeye alikuwa Mchagga kama mimi. Sote tulikuwa tumekua tukiona ulezi ukiloweshwa, ukachipushwa mpaka wanga wake ukavunjika, ukasagwa na kupikwa, ukatiwa kwenye ndizi. Na sote tulijua pipa la mbege haliogeshwi sabuni, linasuuzwa tu, kwa kuwa ule utandu wa ndani ndio unaoamsha pombe ijayo. Mpishi mzuri anajulikana kwa pipa lake lililokolea, na Mama Mkubwa alikuwa mpishi mzuri kuliko wote. Kwa heshima ya asali ile, alikuwa ameipa kikundi pipa lake bora.

Ilibidi nimwombe ukwangu wa lile pipa. Nilimkuta uani, nikamweleza nusu nusu, akaelewa yote. "Pipa langu," akasema. "Pipa langu ndilo mwizi?" "Hatujui bado, Mama Mkubwa." Akaingia ndani, akatoka na kisu. Nilidhani amekasirika, na labda alikuwa amekasirika. "Kwangua," akasema. "Kwangua mpaka utokee upande wa pili. Kama ni langu, liseme." Nikakwangua mbele yake, kwenye maungio ya mbao, unga wa kahawia unaonuka chachu. Tukatumia dawa iliyobaki, yote. Ule ukwangu ukatoa ngazi ile ile, kidoa kwa kidoa.

Madam alipanda Kibosho mwenyewe siku ya kikao, viatu vyake vikiwa mkononi kwa ajili ya tope, karatasi amezikunja ndani ya gazeti. Alieleza kwa ufupi, kama anasoma bei. Hakuna aliyetia kitu. Asali ya mzee ni ya nyuki, nyeusi kwa sababu ya msitu. Mnunuzi naye hakusema uongo, sukari za wanga zilikuwemo, zimetoka kwenye utandu wa pipa. Karatasi zikapita mkono kwa mkono, kila mtu akihesabu ngazi kwa kidole. Mama Mkubwa akasema, "Kwa hiyo tulitaka kumfukuza mtu kwa sababu mimi najua kupika pombe." Yule mwanamke wa mzaha wa komunio akacheka, kisha akaona amecheka peke yake. Mama Mkubwa akainuka, akaenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani, akavunja tawi la sale. Kwetu ukimkosea mtu, ukampelekea sale, hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Alivuka ua mbele ya watu wote, mwanamke aliyekuwa hajawahi kuomba radhi hata kwa padri bila kumbishia kwanza, akampa Meku Aloyce kwa mikono miwili. Mzee akalipokea. Akaligeuzageuza. "Anasia," akasema, "ulinipa shida. Mimi nilikuwa nimeshaanza kujiuliza kama nyuki wangu wananificha jambo."

Mnunuzi wa Kenya hakurudi. Nisifanye hadithi iwe tamu kuliko ilivyokuwa. Kiwanda kikauzwa, mwenye kukinunua hakuhitaji maabara, Madam akaenda kufundisha sekondari, mimi nikarudi kijijini na blanketi linalonuka siki. Kikundi kikanunua ndoo za plastiki na kuendelea kuuza kidogo kidogo, ya njano na nyeusi mbalimbali. Mizinga ya Meku Aloyce ilibaki msituni mpaka alipofariki, na sasa ni ya binti yake. Lile tawi la sale mzee alilichomeka njia ya kwenda kwenye mizinga. Lilishika, na wiki hii nilipopanda kuwapa habari za msiba nililikuta limekuwa ua mzima wa masale.

Pipa lilirudi kwenye mbege, wala halikuoshwa kwa sabuni. Pombe ya kwanza iliyotoka humo baada ya kikao, Mama Mkubwa alimpelekea Meku Aloyce kata ya kwanza kabla ya mumewe, jambo lililosemwa Kibosho mwaka mzima. Sote tukasogea kumtazama. Mzee akanywa taratibu mpaka chini, akafuta sharubu kwa kiganja, akamrudishia kata.

"Ngazi zako, Anasia," akasema, "mahali pake ni hapa."